Utepe wa Mafunjo na Majabali: Safari ya Kuwafuata Ndege kutoka Mwanza hadi Rubondo

Ziwa Victoria lina ukubwa wa km za mraba 68,800 hivi, ila ndege wanaolitegemea hawakutapakaa juu ya maji hayo yote, kwa kuwa katikati ya ziwa hakuna pa kutua wala pa kujengea kiota, na samaki wengi wa huko hukaa kwenye kina ambacho hakuna mdomo wa ndege unaoweza kukifikia. Maisha ya ndege hao yamebanana katika utepe mwembamba unaolizunguka ziwa, pale ambapo maji hayajapata kina na nchi bado ina unyevu: majabali yaliyozama nusu, vichaka vya matete, madimbwi ya mafunjo, fukwe za mchanga, na miti mirefu iliyosimama hatua chache kutoka majini. Wataalamu wa ikolojia, yaani elimu ya uhusiano kati ya viumbe na mazingira yao, huuita utepe huo ukanda wa mwambao, nao huupima kwa mwanga, kwa maana kwamba unaanzia maji yanapogusa ardhi na kuishia pale mwanga wa jua unaposhindwa kufika chini na kuotesha mmea. Safari inayosimuliwa hapa ilifuata utepe huo katika mwezi wa Novemba, kutoka katikati ya jiji la Mwanza hadi kisiwa cha Rubondo kilicho kwenye kona ya kusini-magharibi ya ziwa.

Msomaji aliyezoea habari za chemchemi za majangwani, ambako ndege wa nchi nzima hukusanyika kwenye kidimbwi kimoja kwa sababu hakuna kingine, anaweza kudhani kwamba ziwa kubwa kuliko yote Afrika halihusiani na habari hizo hata kidogo. Uhusiano upo, na ni wa karibu. Usukuma ni nchi yenye kiangazi kirefu kuanzia Juni hadi Septemba, na katika miezi hiyo malambo ya kunyweshea ng'ombe hukauka, majaruba ya mpunga hufanya nyufa, mito mingi hubaki mchanga na vidimbwi, ndipo yangeyange, kwarara na korongo wa nyanda za ndani wanaposogea ziwani kama mifugo inayofuata kisima cha mwisho. Hata mvua yenyewe hugawanywa na ziwa, kwa sababu pepo za mashariki husukuma mawingu kuelekea magharibi, hivyo Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka na Mwanza hupata takriban nusu ya kiasi hicho. Kwa ndege wa upande huu, basi, mwambao ni chemchemi ndefu iliyonyooshwa kuzunguka ukingo wa maji, na popote inapokatwa hakuna nyingine ya kukimbilia.

Msafiri anayeanzia mjini hukutana kwanza na mawe. Mwanza huitwa Jiji la Miamba kwa haki kabisa, kwa kuwa nyumba zake zimepanda vilima vya matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, yaani miongoni mwa miamba mikongwe kabisa ya bara la Afrika, na mawe makubwa yanayoonekana kama yamebebeshwa moja juu ya jingine kwa mkono wa mtu yalichongwa na maji yaliyopenya kwenye nyufa za mwamba ungali chini ya ardhi, kisha udongo uliolizunguka kila jiwe ukaondolewa na mvua kwa muda mrefu sana. Kutoka vilima vya aina hiyo, tarehe 3 Agosti 1858, Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa hili na kulipa jina la malkia wake, ingawa wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, na wafanyabiashara wa pwani wakilijua kwa jina la Ukerewe, kabla hajafika. Juu ya mawe hayo hayo huishi pimbi, na mjusi mwenye kichwa bapa, dume lake likiwa na rangi nyekundu na buluu, ambaye sayansi imempa jina la mji wenyewe: Agama mwanzae.

Jiwe la Bismarck, lililosimama majini karibu na rasi ya Capri Point na kuwa alama ya jiji katika picha nyingi, hupigwa picha zaidi kuliko linavyotazamwa. Anayelitazama kwa saa moja asubuhi ataona kwamba vilele vyake vimepakwa chokaa nyeupe, nayo ni mbolea ya minandi, ndege weusi wenye shingo ndefu wanaopiga mbizi kufuata samaki chini ya maji. Mnandi hutofautiana na bata kwa jambo moja la msingi: manyoya yake hayazuii maji sawasawa, na kasoro hiyo ndiyo faida yake, maana manyoya yaliyolowa hupunguza uelekeo wa mwili kuelea na kumwezesha kuzama kwa nguvu kidogo, lakini baada ya kila uwindaji hulazimika kupanda juu ya kitu kikavu na kutandaza mabawa yake juani. Kwa hiyo mawe ya Mwanza, ambayo mtu anaweza kuyaona kuwa ni mapambo tu ya ziwa, ni kitu ambacho mnandi hawezi kuishi bila yake.

Kisiwa cha Saanane kipo kama km 2 kutoka katikati ya jiji, na boti hufika huko kwa dakika chache tu. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na jina lake linatokana na Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekimiliki kabla ya hapo. Baadaye kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Eneo lake lote, maji yakiwemo, ni km za mraba 2.18, hivyo ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, na ndiyo iliyo ndani ya jiji. Wageni wengi huja kwa ajili ya swala pala, tumbili na mandhari ya machweo, lakini thamani ya kisiwa hiki kwa ndege iko kwenye ukingo wake, ambako mikuyu imeshikilia nyufa za majabali kwa mizizi kama vidole, na matete yameachwa yakue bila kufyekwa.

Sauti inayotawala kisiwani ni ya furukombe, tai mwenye kichwa na kifua cheupe na mwili wa rangi ya kahawia iliyoiva, ambaye hurusha kichwa nyuma anapolia na kuitikiwa na mwenziwe kutoka mti wa mbali. Mlio huo una kazi ya kisheria, kwa namna ya kusema, kwa sababu furukombe huishi wawili wawili, dume na jike, kila jozi ikimiliki kipande chake cha mwambao na kukitangazia mipaka kila alfajiri, na kiota kikubwa cha vijiti kilichojengwa kwenye mti mmoja mrefu huweza kutengenezwa upya na kutumika mwaka baada ya mwaka. Chini yake, ndani ya vichaka, husikika mlio mwingine ambao mgeni hudhani umetoka kwenye koo moja: ni tiva mwenye mgongo mweusi na tumbo jekundu kama damu, ambaye dume na jike wake huimba kwa kupokezana haraka kiasi kwamba sikio haliwezi kupata mahali pa kuwatenganisha. Kwenye maua hupita chozi wa kifua chekundu, ambaye makazi yake karibu yote yamezunguka ziwa hili na mabwawa ya jirani, kwa hiyo mwanafunzi wa Mwanza anayemwona akinyonya ua hapo Saanane anaona kitu ambacho watazamaji wa ndege huvuka bahari kukitafuta. Hakuna hifadhi nyingine nchini inayoweza kuwapa watoto wengi wa jiji nafasi hiyo kwa safari fupi namna hii, na jambo hilo pekee linatosha kuhalalisha kuwapo kwake.

Kutoka Saanane hadi soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ni mwendo mfupi, ila ni kama kuhama kutoka dunia moja kwenda nyingine. Hapo juu ya mapaa husimama korongo wakubwa wenye upara na mfuko wa nyama ulioning'inia shingoni, ambao vitabu huwaita marabu, wakisubiri matumbo na vichwa vya samaki vinavyotupwa. Watu huwaona kuwa ndege wa uchafu. Ni haki zaidi kusema kwamba uchafu ni wa binadamu na ndege hao ndio wanaouondoa, bila ujira, katika mji ambao mto wake wa Mirongo hukatiza vitongoji vilivyosongamana na kumwaga ziwani kila kilichosombwa na mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari, na kama ingefuatwa kwa ukamilifu Mwanza, upana huo wa mita 60 ungekuwa karibu sawa kabisa na utepe wanaouhitaji ndege.

Kusini mwa jiji inaanza Ghuba ya Mwanza, mkono wa maji wenye urefu wa km 60 hivi unaoingia ndani ya nchi, na hapa ndipo inapofaa msafiri atulie, kwa sababu ghuba hii imechunguzwa na wanasayansi kuliko sehemu nyingine nyingi za ziwa, na mmoja wa mashahidi wao wakuu alikuwa ndege. Ndege huyo ni mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye mvuvi yeyote anamjua kwa tabia yake ya kusimama hewani juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi huku kichwa hakitikisiki, kisha kujiachilia kama jiwe. Hakuna ndege mkubwa kuliko yeye anayeweza kujishikilia hewani hivyo bila kusaidiwa na upepo, na kwa kuwa anaweza kummeza samaki mdogo akiwa bado angani bila kurudi tawini, huwinda mbali na ufuko kuliko midiria wengine wote.

Mwanzoni mwa utafiti uliofanywa na Waholanzi na Watanzania kwenye ghuba hii kuanzia miaka ya 1970, chakula cha mdiria huyo kilikuwa zaidi furu, jina ambalo watu wa ziwani hulipa kundi la samaki wadogo wenye spishi zaidi ya 500, karibu wote wakiwa hawapatikani mahali pengine duniani. Wakati huo sangara, samaki mlaji aliyeletwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, alikuwa bado hajaongezeka huku. Lakini katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla, na furu wakatoweka kwa kasi ambayo wataalamu walishindwa kuiamini, na inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zilipotea au zikawa haba mno. Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na dagaa. Jan Wanink na Kees Goudswaard, walioyachunguza mabaki ya chakula yanayotapikwa na mdiria, waliona badiliko lote hilo likiandikwa ndani yake: mifupa ya furu ikapungua, ya dagaa ikachukua mahali pake, na kwa kuwa dagaa ni mwepesi kuliko furu, ndege alilazimika kuvua samaki wengi zaidi kila siku ili apate shibe ile ile. Maana yake ni kwamba badiliko ambalo binadamu alililipa kwa nyavu mpya na viwanda vya minofu, mdiria alililipa kwa nguvu za mabawa yake.

Uzito wa gharama hiyo unaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama jinsi mdiria anavyolea. Hutoboa shimo refu kwenye ukuta wa mchanga wa kando ya maji, na mara nyingi jozi moja husaidiwa kulisha makinda na madume wengine, ambao Heinz-Ulrich Reyer, aliyewalinganisha midiria wa Ziwa Victoria na wale wa Ziwa Naivasha nchini Kenya, aliwagawa katika makundi mawili: wasaidizi wa kwanza, ambao ni watoto wa kiume wa jozi hiyo waliobaki nyumbani, na wasaidizi wa pili, ambao si ndugu. Huko Naivasha, ambako maji ni tulivu na chakula ni rahisi kupatikana, wasaidizi wasio ndugu hufukuzwa. Hapa Victoria, ambako mawimbi huficha samaki na kila mlo unadai safari ndefu, jozi hukubali wageni hao na kuwaacha walete samaki, kwani bila wao makinda yangekufa njaa. Ndege mdogo wa gramu 80 hivi, kwa hiyo, anaishi ukingoni mwa uwezo wake tangu zamani, na kila ukuta wa mchanga unaochimbwa kwa ajili ya ujenzi unamwondolea nyumba pamoja na jamii nzima iliyoizunguka.

Sangara alileta hasara nyingine ambayo haikuonekana haraka. Furu alikuwa akianikwa juani hadi akakauka, lakini sangara ana mafuta mengi, hivyo akitaka kuhifadhiwa bila barafu hulazimu akaushwe kwa moto, na moto huo ulitaka kuni, nazo kuni zilikatwa pale pale karibu na kambi za uvuvi, visiwani na kandokando ya ghuba. Mti mrefu wa ufukoni ambao kwa furukombe ni kiota, mnara wa kulindia na ukumbi wa kutangazia mipaka, uliondoka ukiwa moshi. Mtu anayepita leo na boti kando ya sehemu kubwa ya ghuba anaona mashamba yakishuka hadi majini, na anaweza kupita kipande kirefu bila kusikia mlio hata mmoja wa tai.

Kati ya Kigongo na Busisi, ambako magari yalikuwa yakipanga foleni kusubiri kivuko, sasa limepita daraja la km 3 lililofunguliwa mwezi Juni 2025, na safari iliyokuwa ikila saa kadhaa imekuwa ya dakika. Chini yake hupita mashuka ya kijani ya gugu maji, mmea wa Amerika Kusini ulioingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, ukafunika hori na bandari nyingi kufikia mwaka 1998, kisha ukarudishwa nyuma na fukusi walioachiwa makusudi waule, wakisaidiwa na mawimbi na mvua za El Nino. Juu ya mashuka hayo hutembea ndege wa kahawia mwenye paji la uso la buluu na vidole virefu visivyolingana na mwili wake, vinavyogawa uzito wake juu ya majani mengi kwa wakati mmoja, hivyo anapita mahali ambapo kifaranga wa kuku angezama. Miongoni mwao mambo ya uzazi yamegeuzwa: jike huwa na madume kadhaa, naye dume ndiye anayelalia mayai, na hatari inapotokea huwabeba vifaranga chini ya mabawa, miguu yao mirefu ikining'inia nje kama nyuzi. Gugu maji linampa yeye uwanja, lakini linamnyima mdiria dirisha la kuonea samaki, na mahali linapotanda kwa unene, maji ya chini yake hukosa hewa.

Novemba ni wakati wa wageni. Juu ya ghuba huruka mbayuwayu waliotoka Ulaya, pamoja na buabua wenye mabawa meupe, ambao huzaliana kwenye mabwawa ya Ulaya ya mashariki na Asia na kukaa hapa hadi Aprili. Chakula chao kikubwa ni wadudu wa ziwani, ambao huanza maisha yao wakiwa viluwiluwi kwenye matope ya chini na kuibuka wote kwa pamoja, hasa karibu na mwezi mwandamo, wakipanda angani kama nguzo za moshi zinazoonekana kutoka mbali. Inashangaza kufikiri kwamba uzito wa tope la Ghuba ya Mwanza hubadilika kuwa mafuta ya mwilini yanayombeba ndege mdogo hadi kwenye mito ya Urusi.

Barabara kupita Sengerema na Geita, nchi ya pamba, mihogo na dhahabu, haihitaji maelezo marefu kwa anayetafuta ndege wa maji, hadi inapoteremka tena ziwani upande wa Nkome, ambako hori zake bado zina mafunjo. Mafunjo ni mmea wa jamii ya ndago, wenye bua la pembetatu linaloweza kuzidi mita 4 na kichwa kama ufagio ulioinuliwa, na mashina yake hufumana yakawa zulia zito linaloelea, kiasi kwamba mtu anaweza kutembea juu yake huku maji yakiwa chini ya nyayo. Zulia hilo huchuja tope na mbolea kutoka mashambani kabla havijafika ziwani. Maji yaliyo ndani yake yana hewa kidogo, na upungufu huo umekuwa wokovu, maana sangara anayehitaji hewa nyingi hawezi kuingia, ilhali kamongo mwenye mapafu, kambare, na baadhi ya furu walionusurika hujificha humo.

Wapo ndege ambao hawaishi mahali pengine ila ndani ya mafunjo. Tiva wa mafunjo, mwenye utosi wa dhahabu na kifua chekundu, kucha wa njano wa mafunjo, na chiriku wa mafunjo, wote hujenga na kulea humo humo, na ukiwahamishia kwenye kichaka kizuri cha nchi kavu wamekwisha. Katika upande wa Tanzania wanajulikana hasa kutoka kwenye bwawa la Masirori, ambako mto Mara unaingia ziwani, na kwenye mabwawa ya Kagera. Kukata mafunjo kwa ajili ya mikeka na kuezeka hakuwaui, kwa sababu bua lililokatwa huota tena ndani ya miezi michache, nao wafumaji wa vijiji vya ziwani wamefanya hivyo tangu zamani bila kuumaliza mmea. Linalowaua ni kuchoma bwawa na kulikausha liwe bustani ya mboga, kwani zulia likishakatika halirudi kwa urahisi. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda kupita kiasi kwa sababu ya mvua, vipande vikubwa vya zulia hilo viling'olewa vikawa visiwa vinavyotembea, na kimoja kati ya hivyo kilifika hadi Jinja mwezi Aprili kikaziba bwawa la umeme na kuitia Uganda gizani.

Hapa panahitaji kusemwa jambo moja kwa uwazi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Ramsar, yaani mapatano ya kimataifa ya kulinda ardhi oevu yaliyotiwa saini katika mji wa Ramsar nchini Iran mwaka 1971, na imeorodhesha maeneo manne: Malagarasi-Muyovosi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja lililo kwenye Ziwa Victoria, ingawa karibu nusu ya ziwa ni ya Tanzania. Uganda, kwa ukingo wa ziwa hili hili, imeorodhesha Mabamba anakoishi korongo-nyangumi, Lutembe wanakokusanyika buabua wa Novemba, na visiwa vya Musambwa vyenye koloni kubwa sana la shakwe. Ndege wanaovuka mpaka huo kila siku bila kujua upo hupata upande mmoja hadhi ya kimataifa, na upande wa pili hutegemea huruma ya mwenye jembe. Masirori ina sifa zote za kuorodheshwa, na kila mwaka unaopita bila kufanya hivyo ni mwaka uliopotezwa.

Rubondo huonekana kwanza kama mstari mweusi juu ya maji, na weusi huo ni msitu. Kisiwa hiki kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, wavuvi na wakulima wa Kizinza waliokuwa wakikaa humo wakahamishwa, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa yenye km za mraba 456.8, karibu nusu yake ikiwa maji. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya wanyama walioletwa: sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya walioachiwa kati ya 1966 na 1969 kwa juhudi za Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt, tembo, twiga, na mwaka 2000 kasuku wa kijivu waliokamatwa mikononi mwa wasafirishaji haramu. Ni hadithi ya kuvutia, lakini inaficha jambo lililo kubwa kuliko hilo. Kitu cha thamani zaidi Rubondo hakikuletwa na mtu, kiliachwa tu. Ni ukingo mzima wa ziwa, wenye kila aina ya makazi kwa mpangilio wake wa asili, ambao kwingineko umebaki vipande.

Msafiri anayezunguka kisiwa kwa boti asubuhi husoma mpangilio huo kama kurasa. Penye majabali wapo minandi na koikoi, penye mchanga mamba hulala midomo wazi huku ndege wadogo wa ufukoni wakipita karibu nao, penye miti iliyoinamia maji pamekaliwa na furukombe, jozi baada ya jozi, kwa ukaribu usioonekana popote Mwanza, kiasi kwamba mlio wa jozi moja haujaisha kabla ya jirani kujibu, na jibu hilo kuamsha la tatu, hadi ufuko mzima unavuma. Ndani ya hori, mafunjo hufunguka kidogo na nzohe husimama humo magotini majini, kwato zake ndefu zikitanuka juu ya zulia kwa kanuni ile ile ya vidole vya ndege wa magugu. Juu ya mti uliokufa kimejengwa kiota kikubwa kama kikapu kilichofunikwa, cha fundichuma, yule ndege wa kahawia ambaye kisogo chake kimechongoka kama nyundo, naye hukijenga kwa wiki nyingi kwa vijiti na tope na kukiwekea mlango wa chini. Spishi zaidi ya 200 zimeorodheshwa hapa, na sehemu ya siri ya wingi huo iko majini, kwani uvuvi wa biashara hauruhusiwi katika maji ya hifadhi, hivyo sato na sangara huzaliana humo kwa amani, na samaki wadogo wa maji ya kina kifupi ni wengi kuliko nje ya mpaka.

Mbung'o ni wengi msituni, na anayetembea kwa miguu atalipa kwa damu kidogo. Ni gharama ndogo. Usiku, sauti ya viboko ikipanda kutoka ufukoni, upande wa mashariki huonekana mstari wa taa unaong'aa juu ya maji kama mji: ni wavuvi wa dagaa, ambao zamani walitumia karabai na sasa wengi hutumia taa za jua, wakiwavuta samaki juu katika usiku usio na mwezi. Taa hizo hukomea karibu na mpaka wa hifadhi.

Boti ya kurudi Nkome huondoka alfajiri. Kwa muda milio ya furukombe hufuata nyuma yake, ikipungua jozi moja moja, kisha hubaki mngurumo wa injini. Mbele yake ufuko huanza kuonekana: mitumbwi iliyovutwa mchangani, dagaa walioanikwa kwa maturubai hadi kwenye milango ya nyumba, wanawake wakiwageuza kwa mikono, yangeyange wakipita katikati yao, na marabu wawili juu ya paa la banda. Matete yamefyekwa hadi majini, isipokuwa kichaka kimoja kilichobaki nyuma ya gati. Juu ya mti wa kufungia nanga, karibu na kichaka hicho, mdiria mweusi na mweupe amekaa na dagaa mdomoni. Anampigapiga juu ya mti mara tatu, anammeza, na kabla boti haijafungwa ameshapanda tena hewani, mabawa yakipiga, kichwa kikiwa kimetulia juu ya maji.